Naomba ushauri: kupunguza mzigo wa prosesa kwenye seva ya HAProxy

Habari zenu wakuu. Nina seva ya Linux yenye HAProxy, inagawa maombi kwa seva tatu za wavuti nyuma yake. Mchana mambo shwari. Ikifika jioni watu wakiingia kwa wingi, kurasa zinafunguka kwa kusuasua, ilhali zile seva za nyuma zimetulia tu.

Nikifungua top (programu ya kuonyesha matumizi ya prosesa) na kubonyeza 1, viini vitatu vya prosesa vina nafasi, ila cha kwanza kimejaa, na kilichojaa ni ile safu ya si (softirq, muda ambao kernel inashughulikia kazi kama pakiti za mtandao). Nimeangalia /proc/interrupts (hesabu ya mara ambazo vifaa vimekatiza kila kiini), kwenye mstari wa kadi ya mtandao namba zinaongezeka kwa CPU0 peke yake. Yaani pakiti zote za kadi ya mtandao zinatupiwa kiini kimoja.

Halafu kuna suala la TLS (usimbaji wa https), inaishia hapo hapo kwenye HAProxy, na cheti ni cha RSA 4096 (ufunguo wa biti 4096). Kutia saini kwa ufunguo huo ni kazi nzito mara kadhaa kuliko 2048, na ECDSA P-256 (aina nyingine ya ufunguo) ni nyepesi zaidi. Lakini wateja wetu wengine wana simu za zamani, sitaki kuwafungia mlango. Kuna aliyeweka vyeti vyote viwili kwa pamoja?

Gzip (kubana kurasa kabla ya kuzituma) nimeshaizima, nafuu yake kiduchu. Mashine kubwa zaidi bosi hataki hata kuisikia.

Je, nianze na RPS (Receive Packet Steering ya Linux) ili pakiti zigawanywe kwa viini vyote, au nibadili cheti kwanza? Na anayepitisha TLS moja kwa moja hadi seva za nyuma, IP halisi ya mteja unaipataje, kwa PROXY protocol (HAProxy kutanguliza IP ya mteja mwanzoni mwa muunganisho) au kuna njia nyingine?