Kazini ni mpole, nyumbani nalipuka: utulivu wa ndani hujengwaje?

Mhasibu wa Mbagala

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mhasibu katika kampuni moja hapa Dar es Salaam, mume na baba wa watoto wawili. Kazini ninajulikana kuwa mtu mpole. Mteja akinifokea humsikiliza hadi amalize, na wenzangu hunituma mimi kwa wakubwa panapokuwa na jambo la kusuluhisha. Tatizo ni kwamba upole huo huniishia mlangoni kwangu.

Jumanne iliyopita nilifika nyumbani saa mbili kasorobo usiku, nikakaa mezani, na mke wangu akaniuliza jambo la kawaida kabisa: kama nimekumbuka kununua umeme. Nilipiga meza kwa kiganja hadi bakuli la mchuzi likapinduka. Hakuna aliyelia wala aliyejibu. Binti yangu wa miaka saba alifunga daftari lake la hesabu taratibu, akachukua penseli na kifutio, akahamia chumbani kama mtu anayejua kitakachofuata. Tangu siku hiyo nauona mwendo ule kila nikifumba macho, kwa sababu mtoto hazaliwi na uzoefu wa namna hiyo. Amefundishwa, na aliyemfundisha ni mimi.

Sijakaa bure. Nimesali, nimezima simu usiku, nimefuatisha mafunzo ya kuvuta pumzi mtandaoni, nimeapa. Hupata siku tatu au nne za amani, kisha hurudi nilipokuwa. Watu wakisema "jitambue, utapata utulivu", sielewi ninatakiwa kutambua nini hasa, maana najitambua vya kutosha: mimi ni mtu wa hasira. Naomba mwenye uzoefu anieleze kujitambua huko hufanywaje na mtu anayerudi nyumbani amechoka.

Muuguzi Mstaafu, Tanga

Mwanangu, nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 34, na kwa hiyo utanisamehe nikikujibu kama muuguzi. Mgonjwa akija akaniambia "mimi ni mtu wa homa", hajanipa kitu cha kufanyia kazi. Nitamuuliza homa ilianza lini, hupanda saa ngapi, hutanguliwa na baridi au na maumivu ya kichwa, na siku isipopanda kulikuwa na nini. Wewe umejipa jina, ukaacha maswali yote haya bila majibu.

Anza na mwili, kwa sababu mwili hupata habari kabla ya ulimi. Mtu anapoona tishio, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, misuli ya taya na mabega hukaza, na pumzi hupanda kifuani ikawa fupi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Jihesabu siku moja ukiwa kwenye daladala, huenda ukashangaa. Ninavyokusoma, swali la umeme halikuwa ndilo lililokupandisha. Ulikuwa umepanda tangu njiani, na mke wako akawa mtu wa kwanza kukugusa.

Kwa hiyo, wiki hii usijaribu kutulia. Tazama tu, mara tatu kwa siku: unapoinuka kwenye kiti cha kazini, unapokuwa safarini, na unaposhika kitasa cha mlango wako. Meno yamegusana? Mabega yako wapi? Pumzi inaishia kifuani au inafika tumboni? Andika maneno mawili au matatu, ufunge daftari.

Pumzi unayoiona mtandaoni haina kosa, ila wengi huikimbilia wakati mchuzi umeshamwagika. Kuna mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo na kushuka hadi tumboni ukipitia moyoni, na kazi yake mojawapo ni kuupunguzia moyo mwendo. Kazi hiyo huonekana zaidi unapotoa pumzi. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita au saba, kwa dakika tano, ukiwa bado nje ya nyumba. Na kama usingizi au hamu ya chakula imepotea kwa zaidi ya wiki mbili, au mkono umewahi kumwangukia mtu badala ya meza, usibaki hapa unasoma majibu yetu. Nenda hospitali ya rufaa uulizie kitengo cha afya ya akili.

Dereva wa Tunduma

Shikamoo mama. Umesema kweli tupu, nami naomba kuongezea kwa lugha ya barabarani. Nimeshusha mlima Kitonga na lori la tela mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Dereva mgeni hutegemea breki: anashuka kwa kasi, anakanyaga, anakanyaga tena, hadi zinapata moto na kukataa kushika. Dereva mzoefu huingiza gia ya chini angali juu kabisa, kabla ya kona ya kwanza, na huko chini breki anazigusa tu. Kaka yetu anakanyaga breki siku nzima kazini, halafu anashangaa kwamba hazishiki akifika Mbagala.

Ila nina swali, na naomba lisionekane utovu wa adabu. Tunazungumza kana kwamba moyo hukosa utulivu bila sababu. Mimi nimekaa mpakani siku tisa nikisubiri karatasi za mzigo, na hakuna pumzi iliyonisaidia; kilichonisaidia ni karatasi kutoka. Kaka, kuna mtu anakudai?

Mja wa Pwani, Mombasa

Asalaam alaykum, ndugu mhasibu. Nimetabasamu kwa jina ulilolichagua, kwa sababu kazi yako na tiba unayoitafuta vimetoka katika shina moja. Hesabu, mhasibu na muhasaba ni watoto wa mama mmoja, na muhasaba ndilo neno walilolitumia wanazuoni wetu kwa mtu kukaa na nafsi yake na kuihesabia. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara unayemkabidhi mtaji: asubuhi unawekeana naye masharti, mchana unamchunga, na jioni unakaa naye mkapige hesabu ya faida na hasara. Mfanyabiashara aliyemwachia mshirika wake duka mwaka mzima bila kufungua daftari hana haki ya kushangaa akikuta rafu tupu. Wewe, ndugu yangu, mizania ya watu unailinganisha hadi senti ya mwisho. Yako uliifungua lini?

Kuhusu kuukatiza moto wenyewe, tumefundishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba aliyekasirika akiwa amesimama na akae, na hasira isipomtoka na alale. Mama wa Tanga amekwisha kutueleza upande wa mwili, nami naona mafundisho hayo mawili yanakutana njiani.

Jambo ninalotaka kulikazia ni neno lenyewe. Umeandika "hasira" na kuridhika nayo, na hali lugha yetu si maskini kiasi hicho. Wahaka hukukimbiza kuelekea jambo ambalo halijaja bado. Fadhaa hukuvuruga kwa jambo lililokwisha kukufikia. Kinyongo husubiri zamu yake. Dukuduku lataka kusemwa, na fedheha yataka kufichwa. Jitimai hukulaza kitandani bila homa. Zote hizi zikibanwa huvaa kanzu ya hasira, kwa sababu hasira ndiyo pekee ambayo mwanamume haonewi haya kwayo. Jioni utakapofungua daftari, usikubali kuandika neno "hasira" hadi uwe umejaribu mengine yote yakakataa kukutosha. Mimi mwenyewe nilipofiwa na baba nilikuwa nikigombana na mafundi wangu kwa miezi, na ni marehemu bibi yangu aliyeniambia, "Hiyo si hasira mjukuu wangu, hicho ni kihoro." Nililia siku ile kwa mara ya kwanza, na mafundi wakapumzika.

Mshauri wa Nakuru

Ninafanya kazi ya ushauri nasaha, na alichokisema ndugu wa Mombasa kina ushahidi wa maabara. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha jaribio ambalo watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu huku ubongo wao ukipimwa. Walipochagua neno la kuitaja hisia iliyo usoni, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo hushughulika sana na hofu na tahadhari, ilitulia kuliko walipokuwa wakitazama bila kutaja hisia.

Nina tahadhari moja tu, na hapa natofautiana kidogo na ndugu yangu. Hesabu ya jioni ikikabidhiwa mtu anayejichukia hugeuka mahakama. Nimekutana na watu wanaoandika kurasa tatu za makosa yao kila usiku na kuamka wakiwa wakali zaidi. Mafunzo ya wiki 8 aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa ambao wengi wao walikuwa na maumivu sugu, yanasisitiza kuona kinachopita bila kukitolea hukumu. Andika "taya imekaza, saa kumi na mbili na robo", kisha ishia hapo. Hukumu mwachie Mungu, au angalau ingoje Jumamosi ukiwa umelala vizuri.

Mja wa Pwani, Mombasa

Nakubali, dada yangu. Mhasibu mzuri huandika kwanza kilichotoka na kilichoingia. Kugombana na mteja si kazi yake.

Mhasibu wa Mbagala

Nimechelewa kurudi kwa wiki tatu kwa sababu sikutaka kuandika kabla ya kuwa na la kusema. Shikamoo mama, na asanteni nyote.

Nilinunua daftari dogo la kurasa 48. Siku nne za mwanzo limejaa upuuzi: "nimechoka", "foleni", "joto". Siku ya tano niliona jambo ambalo mhasibu yeyote angeliona mapema kama vitabu vingekuwa vya mtu mwingine. Taya yangu huwa legevu nikitoka ofisini, huwa legevu nikipanda gari Posta, na hukaza karibu kila siku tukifika Mtoni kwa Aziz Ali, kwenye saa kumi na mbili na nusu. Huo ndio wakati ambao simu hutetemeka mfukoni.

Dereva wa Tunduma, uliuliza kama ninadaiwa. Nilipolisoma swali lako nilifunga simu, nikasema moyoni kwamba watu wa mtandaoni hawana adabu. Nisamehe. Mwaka jana nilimdhamini mdogo wangu kwenye kikoba chetu, akachukua mkopo wa shilingi 1,800,000 wa kuanzisha biashara ya vipuri, na tangu mwezi wa tano hajapeleka rejesho. Mweka hazina ni mzee mwenye heshima zake, hunitumia ujumbe baada ya kufunga duka lake, na wala hanitukani, huandika tu, "Mhasibu, tunakukumbuka." Neno hilo "mhasibu" ndilo linalonikata. Mke wangu hakuwa anajua lolote.

Nilijaribu maneno ya ndugu wa Mombasa moja baada ya jingine, nikiwa nimekaa kwenye kibaraza cha duka la jirani ili nisiingie ndani mapema. Wahaka haukutosha. Kinyongo dhidi ya mdogo wangu kilikuwepo, lakini kidogo kuliko nilivyodhani. Nilipoandika "fedheha", mkono ulisimama. Mtu ambaye kazi yake ni kuwaambia wengine wasiweke saini bila kusoma, ameweka saini bila kusoma. Nikaelewa pia kwa nini swali la umeme lilinichoma: kila aliponiuliza habari ya fedha, hata ya shilingi 5,000, nilisikia kwamba nimegundulika.

Nilimwambia mke wangu Ijumaa ile, watoto wakiwa wamelala. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akakasirika kweli kweli, na kwa mara ya kwanza niliona hasira ya mtu mwingine bila kuhitaji kuijibu kwa ya kwangu. Taya ilikaza, nikaiona, nikatoa pumzi. Jumapili alikuja yeye na hesabu ya namna ya kulipa laki moja na nusu kwa mwezi, na mzee wa kikoba amekubali. Mdogo wangu bado hapokei simu.

Sitaki kuwadanganya kwamba nimekuwa mtu mwingine. Alhamisi iliyopita nilimfokea kijana wangu kwa sababu ya viatu vya shule, na daftari la siku hiyo halina kitu, maana nilipita kibaraza bila kukaa. Hizo dakika tano za nje nimezifanya kuwa za lazima sasa, na muuza duka ameshazoea. Huniachia kreti la soda nikalie. Binti yangu amerudi kufanyia hesabu zake mezani, ingawa bado huchagua kiti kilicho karibu na mlango wa chumbani. Sijamwambia ahame.