MREJESHO: Nimenunua piano ya nyuzi iliyotumika, hapa Dar

Wakuu, heshima kwenu. Niliuliza kama nimnunulie binti yangu piano halisi ya nyuzi au tubaki na ya umeme. Nawashukuru sana wote mlionijibu.

Nimechukua Yamaha U1 iliyotumika, ile ya wima yenye kimo cha sentimita 121. Ushauri ulionifaa kuliko yote ni wa kwenda na fundi kabla ya kulipa. Ya kwanza tuliyoiona iling'aa kama kioo, lakini fundi alipofungua ubao wa mbele na kujaribu pini za kukazia nyuzi, kadhaa zilikuwa zimelegea. Akasema hiyo haitashika sauti, tukaiacha. Hii tuliyonunua ina mikwaruzo ubavuni, ila pini zimekaza na nyundo zinazogonga nyuzi hazijachimbika sana.

Nimeiweka kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha na AC, kama mlivyosema. Tuliiacha kwanza izoee chumba, ndipo fundi akaiweka sauti, noti ya A ya katikati kwenye hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde).

Kilichotusumbua ni unyevu. Masika ilipoingia, vibonyezo viwili vya besi vilianza kunata, na vile vifuko vya silika vya kufyonza unyevu mlivyopendekeza havikufua dafu. Nimeweka kipimo cha unyevu na mashine ya kukausha hewa, nalenga asilimia 40 hadi 60. Kibonyezo kimoja kimeachia, kingine bado kizito, fundi atarudi.

Mlioko ukanda wa Pwani, hela ya fundi na ya mashine hiyo ihesabuni ndani ya bei tangu mwanzo. Asanteni sana.