Presha ya mafuta (petroli) inashuka turbo ikianza kusukuma, nianze kupima wapi?

KonaKali

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo kabla sijaanza kununua vifaa kwa kubahatisha.

Gari ni la michezo, injini ya lita 2.0, silinda nne, turbo, nguvu farasi kama 280. Nozeli ziko kwenye manifoldi (njia ya hewa inayoingia kwenye injini), si zile zinazopuliza ndani ya silinda moja kwa moja. Pampu iko ndani ya tangi, rigyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) iko mwisho wa reli ya nozeli, yaani bomba linalozigawia mafuta, na kuna mpira wa kurudisha mafuta tangini.

Injini ikiwa inaunguruma tu bila kukanyagwa, presha kwenye reli ni baa 2.4. Nikichomoa mpira wa vakyumu wa rigyuleta inapanda mpaka 3.0. Hapo naona mambo sawa. Tatizo ni nikiikanyaga: gia ya tatu, turbo ikifika baa 1, presha ya mafuta inapanda hadi 3.6, halafu ikipita mizunguko 4,500 inarudi 3.1 na gari linaanza kukatakata. Geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta inasoma 13.7 mahali ambapo kawaida ni 11.5 (namba ikipanda, mafuta yamepungua). Filta ya mafuta ni mpya, haikuleta tofauti. Pia likilala usiku kucha, asubuhi linataka stata ndefu.

Fundi anashauri niweke pampu kubwa zaidi. Mnasemaje?

Bastola4

Mkuu, kabla ya yote acha kulikanyaga. Endesha taratibu, turbo isisukume, mpaka hili liishe. Namba zako zinatisha kuliko unavyozieleza.

Rigyuleta kazi yake ni kuweka tofauti ya baa 3 kati ya mafuta yaliyo kwenye reli na hewa iliyo kwenye manifoldi, wakati wote. Ndiyo maana vakyumu ikiwepo unaona 2.4, na turbo ikisukuma baa 1 ulitakiwa uone 4.0. Wewe unaona 3.1, maana yake nozeli imebaki na tofauti ya 2.1 tu. Mafuta yanayopita hufuata kipeuo cha pili cha tofauti hiyo, kwa hiyo umepoteza kama asilimia 16. Gawanya 11.5 kwa 0.84 utapata 13.7, ile ile unayoisoma kwenye geji. Kwa hiyo sensa yako haikudanganyi. Injini ya turbo ikikosa mafuta kiasi hicho chini ya mzigo huanza kugonga (mchanganyiko hulipuka ovyo ndani ya silinda), na bastola huyeyuka haraka sana.

Mwendo_Safi

Weka pampu kubwa umalize. Mimi nilifanya hivyo gari likatulia.

Bastola4

Ndugu, inaweza kutuliza na bado ugonjwa ukabaki. Kama waya ni dhaifu, pampu kubwa itavuta ampea nyingi zaidi na volti zitashuka zaidi. Kama kuna mahali pamepasuka, utakuwa umeongeza mafuta ya kumwagika. Apime kwanza.

Waya Mwekundu

KonaKali, mimi ni mtu wa umeme, naomba vipimo viwili.

Cha kwanza ni volti kwenye plagi ya pampu yenyewe, si kwenye betri, pampu ikiwa inafanya kazi. Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya pampu, usome kinachopotea njiani. Rudia upande wa athi (hasi). Kila upande ukipoteza zaidi ya nusu volti, kagua rilei, fyuzi na viungio. Magari mengine yana kifaa cha kupunguza kasi ya pampu injini ikiwa haina mzigo, hivyo pima pia wakati wa mzigo, usiridhike na kipimo cha gari limesimama.

Cha pili ni ampea, kwa mita ya kubana waya. Hiki watu wanakiruka na ndicho kinachosema mengi. Pampu hula ampea kulingana na presha inayoisukuma yenyewe. Njia ikiziba mbele yake, presha kwenye reli itakuwa ndogo lakini ampea zitapanda, kwa sababu pampu inakabwa. Kama mafuta yanavujia ndani ya tangi au pampu imechoka ndani, presha itakuwa ndogo na ampea pia zitakuwa ndogo. Linganisha na chati ya mtengenezaji wa pampu.

Mama Turbo

Niongeze hapo kwenye stata ndefu, kaka, maana hiyo ni dalili yenye thamani. Zima injini uangalie geji. Presha ikishuka upesi, washa pampu tena ijae, uzime na papo hapo ubane mpira wa kurudisha mafuta. Ikikaa, rigyuleta inavuja. Ikiendelea kushuka, rudia ukibana mpira wa kupeleka. Sasa ikikaa, tatizo liko nyuma, upande wa tangi: ama vali ya pampu inayozuia mafuta kurudi, ama mpira ulio ndani ya tangi. Isipokaa popote, shuku nozeli. Bana mpira laini tu, bomba la plastiki usiliguse.

Na uchomoe mpira mdogo wa rigyuleta uunuse. Ukiwa na petroli ndani, kiwambo cha rigyuleta kimetoboka.

Kipimo cha kiasi cha mafuta kinaweza kufanyika gari limesimama, hakuna haja ya kuhatarisha injini barabarani. Injini izimwe, pampu iwashwe peke yake, rigyuleta uipulizie baa 1 kwa pampu ya mkono ili reli isome 4.0, halafu mpira wa kurudisha uuelekeze kwenye chombo cha kupimia kwa dakika moja. Kwa nguvu farasi 280 za turbo unahitaji kama lita 1.7 kwa dakika, na inafaa upate ziada ya kutosha juu ya hapo. Fanyia nje penye hewa, kizimamoto kiwe mkononi mwa mtu mwingine, na pampu iwashwe kutoka mbali na chombo. Mvuke wa petroli unashika moto kwa cheche ndogo sana.

KonaKali

Wakuu, nimerudi na majibu.

Umeme: chanya inapoteza volti 0.4, athi 0.2. Ampea ziko chini ya chati, si juu. Mpira wa rigyuleta ni mkavu. Nikibana wa kurudisha presha bado inashuka, nikibana wa kupeleka inakaa. Kiasi: lita 1.3 kwa dakika kwenye baa 4.

Waya Mwekundu

Umeme uko salama na hakuna kilichoziba mbele. Fungua tangi.

Mama Turbo

Naungana naye. Pampu ikiwa nje, angalia mpira mfupi unaotoka juu yake, hasa chini ya klampu, na soksi ya kunyonyea (chujio lililo mdomoni mwa pampu).

KonaKali

Ni mpira! Umevimba na kuwa laini, una mpasuko mrefu pembeni mwa klampu ya juu. Soksi safi. Sasa duka la vipuri wananipa mpira wa kawaida wa petroli, nichukue?

Bastola4

Usichukue! Mpira wa kawaida umetengenezwa kubeba petroli ndani yake, si kuogelea ndani ya petroli. Ukizamishwa, ganda la nje linalainika na utarudi hapo hapo. Tafuta ulioandikwa SAE 30R10 (alama ya kiwango cha mpira), huo ndio wa kuzamishwa. 30R9 ni mzuri nje ya tangi tu. Klampu ziwe za kubana mduara wote, zile za skrubu hukata mpira.

GiaYaNne

Samahani kuingilia. Langu linapuliza ndani ya silinda, vipimo ni hivi hivi?

Bastola4

Upande wa tangi ndiyo, ila hata huo pima kwa sehemu iliyowekwa na mtengenezaji. Baada ya hapo kuna pampu ya pili inayoendeshwa na kemshafti, na presha yake inaweza kuzidi baa 100. Hiyo soma kwa skana, kamwe usifungue bomba injini ikifanya kazi. Mafuta ya presha hiyo hupenya ngozi.

KonaKali

Mpira wa 30R10 umefungwa, pampu ni ile ile. Lita 2.6 kwa dakika kwenye baa 4. Presha inakaa baada ya kuzima, asubuhi linawaka mara moja. Nimelipeleka kwenye mashine ya kupimia nguvu ili kompyuta irekodi kila kitu: turbo baa 1, mafuta 4.0, hayatikisiki mpaka mizunguko 6,800. Mchanganyiko 11.5. Asanteni sana, nyote.

Swali la mwisho: kwenye kona ndefu za kulia, tangi likiwa chini ya robo, presha ilikuwa ikiyumba hata zamani. Hilo nalo ni mpira?

Mama Turbo

Hapana, hapo mafuta yanakimbilia upande mmoja na soksi inanyonya hewa. Kwa barabara ya kawaida usishuke chini ya robo. Kama unaingia uwanja wa mbio, anza na nusu tangi au zaidi, na ukizidi kuwa na kasi weka kitangi kidogo cha akiba chenye pampu yake. Fuatilia presha kwenye kona hizo kwa taa ya tahadhari, usitegemee macho kwenye geji.