Sindano za Kichina kwa maumivu ya mgongo, kuna aliyewahi kuchomwa?

kijana_wa_mbagala
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa mwenye uzoefu. Bi mkubwa wangu ana miaka 58, mgongo unamsumbua mwaka wa pili huu, maumivu yanaanzia kiunoni yanashuka mguu wa kushoto mpaka kisigino, akipanda daladala Mbagala kwenda Posta kushuka mpaka ashikwe mkono. Hospitali alipiga picha wakasema pingili zinabana mshipa wa fahamu, wakampa diklofenaki, sasa hivi na tumbo nalo linamuwaka. Jirani kampeleka kwa Mchina mmoja mjini, kamshika mkono kusikiliza mapigo, kamwambia toa ulimi, kautazama weee halafu anasema chi ya figo (ile nguvu ya mwili wanayoiamini Wachina) imelegea, anataka kumchoma sindano mara 12 plus vidonge, jumla laki 9 na ilipwe yote mwanzoni. Hela naweza kuungaunga ila naogopa kupigwa. Mchungaji wake ndo kamaliza kabisa, anasema sindano hizo ni mambo ya mizimu. Hii kitu inafanya kazi kweli?

dereva_mstaafu
Mimi nimechomwa mkuu, mgongo huohuo, enzi naendesha lori la Tunduma. Sindano ni nyembamba kama unywele na haina dawa ndani, usiifananishe na ya hospitali. Unasikia kama kitu kinavuta halafu pale pahala panakuwa pazito, Mchina akiona umekunja uso anafurahi, anasema ndo imefika. Unalala nazo kama nusu saa hivi. Mara tatu za kwanza sikuona kitu nikawa najuta hela yangu, ya nne nikalala usiku mzima. Sasa kama ni sindano au ni vile nilikuwa nimepumzika kuendesha miezi miwili, hapo siwezi kukudanganya. Hakikisha tu pakiti inafunguliwa mbele yenu, sindano ni ya kutumia mara moja inatupwa.

fizio_moro
Mazoezi ya viungo ndo kazi yangu kwa hiyo msinione mbaya. Wajerumani waliwahi kuwajaribu wagonjwa zaidi ya 1,100 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini, majibu yakatoka 2007. Kundi la kwanza walichomwa kwa kufuata ramani ya Wachina ya sehemu za kuchoma, la pili walichomwa juujuu tu sehemu ambazo kwenye ramani hazipo, la tatu wakapata dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi 6 waliopata nafuu ni asilimia 47.6, 44.2 na 27.4. Yaani sindano ziliwashinda watu wangu (imeniuma), ila uchomwe kwenye ramani au nje ya ramani hakuna tofauti ya maana. Kwa hiyo habari ya chi ya figo muachie mwenyewe.
Muhimu zaidi, mama akianza kushindwa kuzuia mkojo, au ganzi katikati ya mapaja, au mguu ukilegea, hakuna cha sindano hapo, ni hospitali usiku huohuo.

wa_chakechake
Nyinyi wa bara mna mambo. Huku kwetu madaktari wa Kichina wapo toka 1964, timu ya mwanzo ilitoka Jiangsu, na mpaka leo wanapokezana kwenye hospitali za Mnazi Mmoja kule Unguja na Abdalla Mzee hapa Pemba, mizimu hatujaiona. Na kuumika je? Wazee wetu wakipiga chuku kwa pembe ya ng'ombe, Mchina anaweka vikombe vya moto, mambo yaleyale, ila yeye anatafuta chi na sisi tunatafuta damu chafu 😂 Huyo mchungaji akiumwa malaria hanywi dawa ya mseto? Ile asili yake mmea wa Kichina, mwanasayansi wa Kichina Tu Youyou alisoma kwenye kitabu cha karne ya 4 kuwa unalowekwa kwenye maji unakamuliwa, akashtuka kumbe moto ndo unaoua dawa, Nobeli yake kachukua 2015.

fizio_moro
Mseto sawa kabisa, lakini ule ulichujwa ukapimwa ukajulikana kilichomo. Vidonge vya kwenye chupa isiyo na jina ni kitu kingine. Ubelgiji miaka ya 90 mwanzoni wanawake walipewa vidonge vya kupunguza unene, ndani mkaingia mmea wa Kichina usio wenyewe, aristolokia, figo zikaharibika kwa wanawake zaidi ya mia moja. Na huyu anasema anatibu figo! Chomweni, msimeze.

kijana_wa_mbagala
Asanteni sana wakuu. Nimeenda leo mwenyewe, chupa imeandikwa Kichina mwanzo mwisho hata namba ya usajili haina, nikamwambia vidonge baki navyo na nalipa kila tukija, mara nne tu tuone. Kanuna kidogo halafu kakubali. Mama anaanza Jumanne, ila kasema mchungaji asiambiwe.