Miezi saba mmekalia pepa ya mtu halafu mnajibu mistari miwili!

Wakuu, leo nina hasira na sifichi. Pepa yangu ya utafiti niliyotuma kwenye jarida imerudi asubuhi hii baada ya miezi SABA, na wala haijarudi na maoni ya wahakiki, wale wataalamu wanaoipima kabla haijachapishwa, imerudi na imeili ya mistari miwili: tunashukuru, ila kazi yako iko nje ya maeneo tunayochapisha. Nje ya maeneo! Si kitu mhariri anakiona kwenye kichwa na abstrakti, ule muhtasari wa mwanzo, tu jamani? Abstrakti inasomwa miezi saba?

Na mtu asije akasema nalia kwa sababu nimekataliwa. Kukataliwa nimezoea, nina pepa ilikataliwa mara tatu na kila ikirudi inarudi imenyooka zaidi, kuna mhakiki mmoja alinionyesha kabisa kwamba jedwali langu la pili lilikuwa linahesabu watu walewale mara mbili, simjui hata jina ila namshukuru mpaka kesho. Ninacholalamikia mimi ni KUKALIWA.

Maana ukituma unatiki kiboksi kwamba kazi hii haiko kwingine na haitapelekwa kwingine mpaka wajibu. Sawa, naelewa, wahakiki wengi wanasoma bure na haifai majarida mawili yawachoshe kwa pepa moja. Lakini mimi nimejifunga, wao wamejifunga na nini? Nikipewa marekebisho naambiwa siku 30, na vikumbusho vinaanza kumiminika hata hazijaisha. Wao hawana tarehe.

Miezi yote hiyo naingia kwenye akaunti naangalia, "iko kwa mhariri". Wiki ya sita, iko kwa mhariri. Mwezi wa tatu nikaandika kwa heshima zote kuuliza imefikia wapi, kimya. Mwezi wa tano nikaandika tena, mfumo ukajibu ujumbe umepokelewa, basi. Kumbe haijawahi kutoka kwenda kwa mhakiki hata mmoja! Wangesema tunatafuta wahakiki wanakataa ningevumilia, hilo linatokea sana na si kosa lao.

Hans Krebs mnamjua, yule wa mzunguko wa asidi ya sitriki ambao kila anayesoma baolojia anaukariri. Mwaka 1937 alipeleka barua yake ya kutangaza ugunduzi huo kwenye jarida la Nature wakamrudishia ndani ya siku chache tu, kwa posta, wakamwambia wazi wana barua za kutosha kujaza kurasa wiki saba au nane, tunakurudishia sasa hivi ikiwa unataka itoke mapema kwingine. Akaipeleka jarida la Enzymologia, ikatoka mwaka huohuo, 1953 akachukua Nobel. Nature walikosea kuiacha, ndiyo, lakini hawakuikalia. Sasa hao walitumia posta na taipureta, ninyi mna mfumo unaotuma imeili wenyewe mnashindwa nini?

Na wanaoumia zaidi ni vijana. Mtu shahada ya uzamivu inasubiri pepa moja ikubaliwe, mwingine mkataba unaisha, na huku ofa zinamwagika kwenye imeili yake kutoka kwa majarida ya kitapeli, lipa tu na ndani ya siku tatu imekubaliwa bila mtu kuisoma. Mnamlaumu akienda huko, lakini ninyi mlimweka mlangoni mwaka mzima. Jarida likiona kazi haiwafai liseme ndani ya wiki mbili, mtu aende zake na kazi yake ingali mbichi!

Mchana huu nimeituma kwingine. Safari hii ikifika miezi mitatu haijatoka kwa mhariri naiondoa kwa maandishi, sisubiri tena. Mliowahi kuondoa pepa naombeni msaada, mliandika vipi hiyo barua, na walithibitisha kwamba imeondolewa au walikaa kimya tena? Maana bila uthibitisho wao naogopa kuipeleka kwingine nikaambiwa nimetuma sehemu mbili.