Mrejesho: jani lililogoma kugeuka bluu-nyeusi

Wakuu, niliuliza kwa nini majani ya darasa la saba yanabaki kahawia kwenye jaribio la wanga, ambapo iodini hugeuza jani lenye wanga kuwa bluu-nyeusi. Ushauri wenu umefanya kazi, asanteni sana.

Kosa kubwa lilikuwa muda. Majani yalichumwa asubuhi mapema, wakati wanga wa jana umeshageuzwa sukari na kuondoka usiku. Sasa yanachumwa baada ya saa sita mchana, kwenye mmea uliokaa juani. Pia tumeacha jani la mwembe, lina nta nyingi. Haibiskasi ni jembamba na linakubali haraka.

Jani linachemshwa majini dakika 1 mpaka lilegee. Kisha moto UNAZIMWA kabisa, maana mvuke wa spiriti unadaka moto. Neli ya majaribio yenye jani na spiriti inasimamishwa ndani ya bika (chombo cha kioo) la maji yaliyotoka kuchemka, dakika 5 hadi 10. Spiriti inakuwa kijani, jani linapauka.

Hapo ndipo wengi walikuwa wanaliharibu: likitoka kwenye spiriti ni kavu, ukilikunja linakatika. Lichovye kwanza kwenye maji ya moto, lilainike, ndipo ulitandaze kwenye kisahani cheupe. Iodini iwe na rangi ya chai ya rangi nyepesi. Ndani ya dakika chache weusi unajitokeza, na kwenye jani la mabaka ya kijani na nyeupe, sehemu zilizokuwa nyeupe zinabaki kahawia. Wanafunzi wanaona wenyewe kwamba bila umbijani (klorofili, ile rangi ya kijani ya jani) hakuna wanga.

Jaribio linalofuata: mmea uliopandwa kwenye chungu ukae gizani saa 48 ili wanga uishe, halafu jani lifunikwe nusu kwa karatasi ya foili na mmea urudishwe juani, tuone kama mwanga unahitajika.