Tupeane uzoefu: ziwa limechafuka, boti haitoki

Wana Kigoma, kipindi chake ndicho hiki. Kiangazi upepo wa kusi unapiga, na Ziwa Tanganyika limelala kaskazini kwa kusini kilomita zaidi ya 600, kwa hiyo wimbi lina nafasi ya kukua. Boti ya mbao inatafuta kijiji, inajibanza. Nyie mlikwama wapi, mkaishije?

Naanza mimi. Tulitoka Kibirizi hapa Kigoma kwenda Kalya kule kusini, tukaishia Sigunga, kijiji cha njiani. Mizigo ikafunikwa turubai, vijana wakabaki na madumu yaliyokatwa kuchota maji, maana wimbi lilikuwa linaruka ndani pale nyuma kwenye injini. Mama mmoja wa hapo akatupikia ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, na bei hakupandisha. Watu wa Dar mnisamehe.

MKE WA NAHODHA: Upepo si tatizo, tatizo abiria. Wakiona maji ya pale kijijini yametulia, "twende, tumechoka!" Wamekingwa na mlima, ya nje hawayajui. Mume wangu anapanda kwanza juu kuchungulia. Akiona povu jeupe huko katikati, anarudi zake kulala, na matusi anayameza. Wakitoka ni usiku wa manane au alfajiri.

MVUVI KATONGA: Kusi ina adabu, unaiona inakuja. Mimi naogopa za masika. Wingu linatokea upande wa Kongo, radi mbili tatu, upepo huo! Taa za kuvutia dagaa usiku zikianza kuyumba tunakunja wavu hata dagaa wakiwa wamejaa.

MWALIMU: Mimi nilikuwa Karema, enzi tunategemea Liemba. Meli yenyewe ya Mjerumani, ya 1913, haikuwa na shida na wimbi, shida kuifikia. Inatia nanga nje, mnaifuata kwa mtumbwi, na ziwa likichafuka mlango wake mara uko usawa wa kichwa, mara uko miguuni. Kuna siku nilikaa ufukweni na begi langu nikaiangalia ikiondoka. Likizo ikaishia hapo.

MGENI: Mkikwama nauli inarudishwa?

MKE WA NAHODHA: Irudishwe ya nini, si utafika? Chakula juu yako. Beba unga, kiberiti kitie kwenye chupa kavu, na chaji ya simu usiimalize kwa kurekodi wenzio wanaotapika.